Gari la Spoti na Mvua za Vuli: Tununue Matairi Gani?

Mwezi huu naomba tuweke kando habari za chanjo na uji wa lishe, nipate kujibu swali la mama mmoja wa Katoro, mkoani Geita. Mume wake hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mungu amewafungulia mlango, naye baba amenunua gari alilolitamani tangu ujana wake, Toyota Altezza iliyotumika Japani. Matairi yake yamekwisha. Vijana wa gereji wanamshauri achukue matairi ya mtumba, mapana zaidi, na rimu kubwa zinazong'aa. Mama anauliza: kwa mvua hizi zinazokuja, matairi gani yanafaa? Tena anauliza kama mwanamke anaweza kusema neno katika jambo hilo, maana ameambiwa aangalie jikoni kwake.

Nianze na hilo la jikoni. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba lawama ya damu. Ukuta ule uligharimu fedha, wala haukuipamba nyumba. Matairi ni ukuta wa namna hiyo. Tena anayekaa kiti cha nyuma na watoto watatu ni wewe. Na mfupa wa paja ukivunjika, mgonjwa aweza kulazwa na uzito ukining'inia mguuni kwa wiki 6 hadi 12, na anayelala chini pembeni ya kitanda kile kumuuguza kwa kawaida ni mama. Kwa hiyo una neno, mama. Liseme kwa heshima, mkiwa wawili, si mbele ya rafiki zake.

Sasa tuje kwenye matairi yenyewe. Gari zima linashika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Lami ikilowa, maji huingia kati ya mpira na barabara, na ile mifereji iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kuyatoa maji hayo nje upesi. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda. Hapo tairi hupanda juu ya maji na gari huelea kama mtumbwi. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, breki haina kazi.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha karibu milimita 8. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha milimita 1.6, lakini kwenye maji tairi huanza kushindwa mapema, likifika milimita 3 hivi. Kupima si lazima uwe fundi. Chukua kiberiti chako cha jikoni (kumbe jikoni kuna faida). Njiti ina unene wa karibu milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji. Ikichomoza juu ya mpira, tairi hilo limekwisha. Njiti mbili zikilala moja juu ya nyingine na zote zikazama, bado una nafasi. Pima katikati na kingo zote mbili, maana matairi mengi huliwa upande mmoja, tena ule wa ndani usioonekana.

Kuhusu upana, vijana wa gereji wanawapotosha. Kwenye lami kavu tairi pana hushika vizuri, ni kweli. Kwenye maji lina kazi kubwa zaidi, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na likiwa limelika huelea mapema kuliko jembamba. Altezza nyingi hutembelea matairi yaliyoandikwa 215/45R17. Hiyo 215 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. Ubavu huo ni mfupi sana kwa barabara zetu. Shimo moja linatosha kuutia uvimbe, na tairi lenye uvimbe halifai hata kama meno yake ni mapya.

Ningekuwa mimi ningemwomba baba arudi chini kidogo badala ya kupanda juu: rimu ya inchi 16 na tairi la 205/55R16. Kimo chake chote hakizidi cha lile la kwanza hata kwa sentimita 1, kwa hiyo gari halibadiliki sana. Ni jembamba kidogo kwa ajili ya maji, na ubavu wake ni mrefu zaidi kwa ajili ya mashimo. Fundi ahakikishe tu kwamba rimu hiyo haigusi breki, na kwamba namba ya uzito inayofuata haipungui ile ya matairi ya awali. Namba 87, kwa mfano, maana yake tairi moja linabeba kilo 545, na 91 ni kilo 615. Herufi inayokaa baada ya hapo ni ya mwendo, na hiyo ndiyo vijana hupenda kujisifia.

Mtumba sikushauri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 3523 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira hukauka kwa umri hata kama haukutembea, na tairi lililokauka huteleza kwenye lami iliyolowa ingawa mifereji yake ni mirefu. Jua letu la Shinyanga nalo halilisaidii. Likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na kwa vyovyote lisivuke 10. Angalia pia neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, na baadhi ya magari hushuka bandarini yakiwa nayo. Mpira wake ni laini, umekatwakatwa vipande vidogo, na kwenye lami ya moto huisha upesi. Wauzaji huyasifia kwamba "yana meno mengi". Yaache. Na yale ya kipara yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto usiyaguse kabisa, maana kisu hula mpira unaofunika nyuzi za ndani.

Kwenye tairi jipya tafuta neno TRACTION. Kipimo hicho hufanywa kwa kufunga breki kwenye barabara iliyolowa, na alama zake ni AA, A, B na C. Chukua AA au A. Namba ya TREADWEAR huonyesha tairi litadumu kiasi gani; kubwa hudumu zaidi, lakini kwa mvua mimi ningetazama TRACTION kwanza. Kama kuna mshale, lifungwe likizunguka kuelekea uonyeshako.

Fedha zikitosha mawili tu, nunua mapya mawili ya aina moja, yafungwe nyuma. Mafundi wengi watataka kuyaweka mbele. Kataa. Matairi ya mbele yakiteleza gari hunyooka, na dereva hulihisi mapema kwenye usukani. Ya nyuma yakiteleza gari hugeuka ghafla na kutazama lilikotoka. Altezza nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo huko ndiko kunakohitaji kushika zaidi.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA huko Marekani walichunguza ndege zinazoteleza kwenye viwanja vyenye maji, wakapata kanuni inayofaa hata kwa gari lenye matairi yaliyolika: upepo ukiwa psi 32, tairi huanza kuelea karibu na kilomita 94 kwa saa, ukishuka hadi psi 20, huanza karibu na kilomita 75. Kupima upepo ni kazi ya dakika chache.

Mama huyu anaulizia pia safari ya Novemba, kwenda kumwona mama yake Shinyanga. Kutoka Katoro watapita Geita na Sengerema, wavuke daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, kisha Usagara na Misungwi. Ni lami, lakini mvua za kwanza ndizo zenye utelezi kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi huchanganyika na maji kabla hayajaoshwa. Gari likielea, baba aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, asikanyage breki kwa nguvu. Na kama nyumba ya bibi iko kwenye mbuga, ule udongo mweusi, gari liachwe barabarani. Kwenye luseni, mchanga wetu, pengine litapita. Kwenye mbuga iliyolowa hakuna tairi la spoti litakalolitoa, mtasukuma hadi jioni na ng'ombe wakiwatazama.

Kama hadi siku hiyo matairi mapya hayajapatikana, mama, wewe na watoto pandeni basi. Baba atawafuata na gari lake Desemba.