Mashine Ni Nzima, Tarehe Ndiyo Imekufa

Sisi watu wa Sandoa hatuulizwi mambo mengi. Barabara ya kwenda Kasaji ikimezwa na mvua, hatuulizwi. Lita ya mafuta ikipanda bei, hatuulizwi. Mnara wa simu ukinyamaza mchana kutwa, hakuna anayekuja kubisha hodi kutaka maoni yetu. Sasa kompyuta ya nyumbani, ile iliyofunikwa kitambaa sebuleni isiingie vumbi, ndiyo imeamua kutuheshimu. Unaiwasha upige orodha ya michango ya matanga, inakuuliza. Unaiwasha mtoto afanye kazi ya shule, inakuuliza. Unaiwasha jioni watu watazame filamu, jenereta inanguruma nje, mafuta yanazidi kupungua, nayo inasimama katikati ya skrini na kuuliza: Windows 10 imefika mwisho, je, uko tayari kuhamia Windows 11? Kuna kitufe cha kukubali na kitufe cha kukumbushwa baadaye. Kitufe cha kuachwa kwa amani hakikuwekwa.

Basi mtaa mzima unajadili. Kisimani, chini ya mwembe, nje ya kanisa baada ya misa, ni hilohilo. "Umeweka ile ya mupya?" "Bado, na weye?" "Nangoja nione yako." Kila mtu anangoja kuona ya mwenzake, na hivyo hakuna ya mtu iliyoonekana.

Kilichotokea si siri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipelekea Windows 10 viraka vya usalama kama ilivyozoea. Maana yake ni kwamba tundu likigunduliwa leo kwenye mfumo huo, halizibwi. Lakini mashine yenyewe hakuna aliyeigusa. Kesho yake, Jumatano, watu waliwasha, zikawaka. Programu ya kuandikia ilifunguka, picha za harusi zilikuwa mahali pake, printa ilikwama palepale inapokwama siku zote. Tumezika watu wengi hapa, tunajua maiti inavyokaa. Hii haikai hivyo.

Wala msituite wagumu wa kubadilika. Wazee wetu walizaliwa Kongo, wakaoa Zaire, wakazeekea Kongo tena, na nyumba hawakuhama. Mkoa ulikuwa Katanga, ukaitwa Shaba, ukarudi Katanga, halafu mwaka 2015 ukakatwa vipande vinne, nasi tukajikuta Lualaba, makao makuu Kolwezi. Wazee wakacheka, maana Lualaba waliwahi kuwa nayo miaka ya 60, ikafutwa. Kila mara vichwa vya barua vilipigwa upya, mihuri ikachongwa upya, na mashimo ya barabarani yakabaki toleo lilelile. Mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Julai, ndipo Windows 10 ilipotoka, na miezi michache kabla yake mtumishi mmoja wa Microsoft alikuwa amesema mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Oktoba 2021 ikatoka ya 11. Hatukushangaa. Ya mwisho ilikuwa imedumu miaka 6.

Tuseme umekubali. Unabonyeza, mashine inajikagua, kisha inakujibu kwamba haifai. Yenyewe ndiyo iliyokualika. Windows 11 inataka memori ya giga 4 na diski ya giga 64. Hapo wengi tunapita. Halafu inataka chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Hapo ndipo tunapobaki mlangoni. Kompyuta zetu ni za okazyo. Zilitumika ofisini kwa watu huko ng'ambo, wenyewe wakaona zimechoka, zikapanda meli, zikavuka Kasumbalesa, zikauzwa Lubumbashi, zikauzwa tena Kolwezi, zikafika kwetu juu ya lori, zimefungwa blanketi, zimekaliwa na abiria. Kibodi ya moja ni ya Kijerumani, ya nyingine ni ya Kiingereza, na sisi tumefundishwa kwa ya Kifaransa, kwa hiyo ukitaka A unabonyeza Q, na vidole vimezoea. Mashine iliyoyapitia yote hayo, ikapona vumbi, ikapona umeme wa kupanda na kushuka, leo inaambiwa imepungukiwa na chipu. Fundi anaitazama, anatikisa kichwa: "Papa, iyi haiwezi kubeba ile ya mupya." Kisha anadai pesa ya kuitazama.

Fundi huyohuyo anaweza kuilazimisha kwa fleshi yake; njia za uani zipo. Lakini wenye programu wameshasema kwamba mashine iliyolazimishwa haina haki ya kudai masasisho. Yaani unahama ili upate viraka, ukifika unakohamia unaambiwa viraka si haki yako.

Na yule jirani mwenye bahati, ambaye shemeji yake wa mgodini alimletea mashine inayokubalika? Kwake shida ni mega. Faili la kuiweka Windows 11 linapita giga 5. Hizo ni mega zaidi ya 5,000, na sisi tunanunua mega za siku moja, za kusikia sauti ya mtoto aliyeko Lubumbashi na kupokea picha ya marehemu. Lakini tuseme amejinyima, amenunua, ameamka usiku wa manane wakati mtandao hauna watu. Inafika asilimia 60. Betri ya pano la jua inaanza kulia, maana jua la jana lilikuwa la mawingu. Skrini inaandika kwa herufi kubwa: usizime kompyuta. Nani anazima? Inazimika. Waya mkubwa wa umeme wa bwawa la Inga ulivutwa hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, tangu 1982, kwa ajili ya migodi, si kwa ajili yetu. Shaba haijawahi kuombwa isubiri jua. Asubuhi jirani anaanza tena kwenye sifuri, na mega zilizokwenda hazirudi.

Ipo njia ya kununua muda. Kwa kompyuta za nyumbani walitoa mwaka mmoja wa viraka vya ziada, hadi 13 Oktoba 2026. Ulipe dola 30, au utoe pointi 1,000 za zawadi zao, au ukubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao, hapo hulipi. Watu wa Ulaya walilegezewa masharti, kwa sababu wana vyama vya kutetea wateja na vyama hivyo vilipiga kelele. Sisi kelele tunapiga, ila chini ya mwembe. Dola 30 si kwamba hazipatikani, hii ni nchi ya dola. Lakini zetu ni za karatasi nao wanataka kadi, na hiyo ya karatasi yenyewe, ikichanika kidogo tu pembeni, hata mama muuza unga anakurudishia. Kuhusu akaunti, tunayo. Nywila yake anaijua kijana aliyetufungulia. Kijana yuko chuoni Kolwezi, na simu yake haipatikani.

Vijana kama huyo wakija likizo wanatuletea dawa: Linux. Ni ya bure, inakaa kwenye mashine za zamani, haidai chipu, na wanayo ndani ya fleshi, mega hazihitajiki. Tunawasikiliza, ni watoto wetu. Wanaiweka, inawaka upesi hata tunatazamana. Kijana anapanda lori kurudi chuoni. Siku ya pili mkuu wa shule analeta jedwali la pointi la Excel. Linafunguka, lakini nguzo zimehama na pointi za hesabu zimekaa kwenye dini. Mama anatafuta alama ya Word aliyoizoea, haipo. Ukitaka kuongeza chochote unaombwa nywila. Printa iliyokuwa ikikwama, sasa haikwami tena, maana haichapi kabisa. Mfumo ni mzuri, hakuna anayebisha. Anayeujua ndiye yuko Kolwezi.

Wanatutisha na wezi wa mtandaoni, na hatusemi kwamba hawapo. Lakini kirusi cha Sandoa hakiji kwa mtandao. Nacho kingehitaji mega. Kinakuja kwa fleshi. Fleshi moja inatoka kwa mpiga fotokopi, inaingia parokiani kuchukua ratiba ya misa, inapita shuleni, inapita kwa mwenye filamu, inafika kwetu jioni, na asubuhi mafaili yote yamejificha, vimebaki vialama vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows 10, wamesema wataendelea kuipa orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Tunashukuru. Orodha hizo zinakuja kwa mtandao, na kirusi kinakuja kwa baiskeli, kwa hiyo kirusi ndicho kinachotangulia.

Jambo linalotukera kweli tunalisema kwa sauti ya chini. Nchi hii inatoa takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na nyingi inatoka mkoa wetu huuhuu, upande wa Kolwezi. Kobalti inaingia kwenye betri za simu na za laptopu. Malori yanaivusha Kasumbalesa kwenda bandarini, na kwa mpaka huohuo zinarudi mashine zilizokwisha kutumiwa na wengine, ndizo tunazonunua. Sasa tunaambiwa hizi nazo zimezeeka, tuziweke kando, tununue mpya zenye chipu. Zikitengenezwa mpya, kobalti itatakiwa zaidi. Watakuja kuichukua, na siku hiyo hakutakuwa na kitufe cha kukumbushwa baadaye.

Kwa sasa tunafanya kama tunavyofanya siku zote. Mafaili ya maana tumeyaweka kwenye fleshi mbili, moja ndani ya kabati, nyingine kwa shangazi. Pesa za simu hatuzigusi kwenye kompyuta, zinabaki kwenye simu. Mtoto amekatazwa kufungua kila kinachong'aa, naye anafungua tukigeuka. Kile kitufe cha baadaye tunakibonyeza bila hata kusoma, na aliyeweza kuhama tunampa pongezi na kumuuliza kama amebakiwa na mega.

Fundi naye anazunguka mtaani akitushauri sote tuhame. Anasema kukaa na mfumo ulioachwa na wenyewe ni hatari, matundu hayazibwi, siku moja tutalia. Anasema kweli, huyu ni mtu anayesoma. Mashine iliyoko mezani pake, ile anayotupigia risiti zetu, inaendeshwa na Windows 7, iliyoachwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020. Tulimuuliza kwa nini hajaihamisha.

Akasema inafanya kazi.