Risasi za Udongo Zitengenezwe Mapema

Mkulima mwenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wewe wajua kwamba kulima si kazi yote. Kazi kubwa huja mtama unapoanza kukomaa na mahindi yanapotoa ndevu, maana hapo ndege na tumbili nao huhesabu siku.

Wapo wasemao kwamba dawa yao ni bunduki, na kwamba gharama ya risasi yaweza kupunguzwa kwa kuzijaza nyumbani. Kweli, huko Marekani watu wengi hufanya hivyo: ganda lililokwisha kupigwa hutiwa fataki mpya, baruti na risasi, na fedha huokolewa. Lakini Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi pasipo cheti. Na hata mwenye cheti, atapiga wapi? Nyumba za Mtongwe zimekaribiana mno siku hizi.

Basi risasi zetu na ziwe za udongo, na bunduki yetu iwe teo au manati. Wengi wanavyo vyombo hivi, lakini hupoteza wakati bure. Mtoto hupelekwa kuamia ndege alfajiri, naye huanza kutafuta mawe wakati ndege wamekwisha kutua! Anapopata mawe matano, kishuke kimekuwa makapi. Tena jiwe la tumbawe lina pembepembe, haliendi sawa. Likianguka shambani hubaki humo mpaka msimu ujao, nawe utalikuta kwa makali ya jembe lako. Jembe ni fedha.

Donge la udongo halina taabu hiyo. Mvua ikinyesha, huyeyuka likarudi kuwa shamba.

Litengenezwe wakati wa kaskazi, kazi za shamba zikiwa chache. Wakazi wa Changamwe wana bahati, kwa kuwa udongo wao ni mzito, unanata. Walio kwenye mchanga wa Likoni watafute udongo wa bondeni. Toa vijiwe na mizizi, uukande kwa maji machache kama unga wa chapati. Kisha tumia kipimo kimoja: kizibo cha soda kwa donge la manati, kikombe kidogo cha kahawa kwa donge la teo. Usidharau kipimo. Madonge yakiwa na uzito mmoja mkono huzoea, na mtupaji hapotezi matano ili apate moja. Yaanike kivulini siku mbili tatu, ndipo uyatoe juani. Yakianza na jua kali hupasuka. Usiyachome motoni, maana yatakuwa vigae, yaumize na yasiyeyuke.

Ufundi huu si wa jana. Huko Hamoukar, nchini Syria, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua mwaka 2005 mamia ya risasi za teo za udongo, zilizotumika vitani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. 

Sisi hatupigani vita. Tumbili na nyani wamo chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kuwaua bila ruhusa ni kosa. Piga shina la mti au ardhi iliyo karibu nao; kishindo chatosha. Wala usirushe kuelekea njia au nyumba ya jirani.

Kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko udongo wenyewe. Ndege hula zaidi asubuhi na jioni, na asubuhi ndiyo saa ya shule. Mzazi apande dunguni mwenyewe saa hiyo, debe la madonge likiwa ubavuni, mtoto ashike zamu ya jioni akisharudi. Debe lifunikwe kwa gunia, umande usiyalainishe.