Tuzuru Pia Miji ya Ofisi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kamati za vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu hukaa kupanga ziara, na kila mwaka jibu huwa lilelile: Mombasa, Lamu, na mfuko ukiruhusu, Unguja. Sina ugomvi na pwani. Anayesoma ushairi wa Kiswahili bila kuikanyaga Lamu amejinyima mengi. Hata hivyo, sisi tunaosomea kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baina ya Embu na Meru, tumejizoesha kuamini kwamba Kiswahili ni kitu cha kufuatwa mbali, huko kwenye milango ya nakshi na majahazi, kana kwamba hapa kwetu hakina makao. Pendekezo langu ni kwamba safari hii tuzuru mji wa ofisi. Najua wapo watakaocheka. Nani apande basi usiku kucha kwenda kutazama wizara?

Tuanze na Dodoma. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie huko kutoka Dar es Salaam, na kazi hiyo ilitarajiwa kuchukua miaka kumi. Mpango wa mji ulichorwa mwaka 1976 na kampuni ya Toronto, Kanada. Miaka kumi ikapita, na mingine zaidi ya thelathini juu yake. Ni mwaka 2016 ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake ingehama kwa dhati. Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba mwaka 2019, na Ikulu mpya ya Chamwino ikafunguliwa mwaka 2023. Mgeni ataonyeshwa hayo yote, pamoja na mashamba ya zabibu na Msikiti wa Gaddafi. Yafaa aulize pia habari za ardhi, maana mji unaochorwa kwenye karatasi huchorwa juu ya mashamba ya watu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wakazi kuhusu viwanja.

Lakini cha kumvutia zaidi mwanafunzi wa Kiswahili hakimo katika majengo. Na aketi bungeni kwenye nafasi za wageni, asikilize. Mabilioni ya bajeti, kodi, mikopo, maji, reli: yote yanajadiliwa kwa Kiswahili. Istilahi ambazo sisi huzikariri kutoka kamusini ili kupita mtihani, pale zinatumiwa na mtu aliyekasirika, anayetaka barabara ya jimbo lake ijengwe. Aidha, mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Sisemi kwamba Dodoma ni pepo ya Kiswahili. Chuo kikuu kilichoanzishwa papo hapo mwaka 2007 hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza. Ninachosema ni kwamba pale mtu huona lugha yetu ikiwa kazini.

Sasa turudi nyumbani. Embu, mji tunaoupita tukikimbilia Nairobi, ulikuwa kwa miongo mingi makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, hadi kaunti zilipochukua nafasi mwaka 2013. Mkoa huo ulianzia Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ukafika Kitui na Makueni. Mtu wa Moyale aliyekuwa na shida ya kumfikisha kwa Mkuu wa Mkoa alisafiri zaidi ya kilomita 600. Alipofika, alipanga foleni pamoja na Mkamba, Mtharaka, Mmeru na Mmbeere. Wangesemezana kwa lugha gani hao, kama si Kiswahili? Historia ya Kiswahili cha bara imo katika foleni za namna hiyo, na sijui ni nani kati yetu aliyewahi kuifanyia utafiti. Wazee waliosimama humo wangali hai. Mlango wa ofisi ulipofunguka, hata hivyo, faili iliyokuwa mezani iliandikwa kwa Kiingereza.

Tena tunao mji mpya. Kaunti ya Tharaka-Nithi ilipoundwa, makao yake makuu hayakubaki Chuka, mji mkubwa ulio kando ya barabara ya Embu kwenda Meru. Yaliwekwa Kathwana, huko chini kwenye joto, mahali panapowakutanisha watu wa milimani na Watharaka wa nyanda za chini. Kisiasa naona ulikuwa uamuzi wa busara. Mji unaojengwa upya una bahati ambayo Embu haikuipata Waingereza walipoasisi kituo chao mwaka 1906: kila kibao, kila fomu, kila tangazo linaweza kuandikwa upya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Katiba hiyohiyo inadai umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Basi mkulima wa mtama anaitwa atoe maoni kuhusu makadirio ambayo aghalabu yamechapishwa kwa Kiingereza tu. Anasaini daftari la mahudhurio, anakunywa soda, anarudi kwake. Hata vile vituo vya Huduma, vyenye jina zuri la Kiswahili mlangoni, fomu zake nyingi hazifanani na jina hilo.

Kwa hiyo ninaiomba kamati ya chama chetu ifanye hesabu. Nauli ya kwenda Kathwana si kitu ikilinganishwa na ya Lamu. Twende siku ya kazi, si Jumamosi. Tutembee ofisi hadi ofisi tukinakili vibao, tuombe fomu, tuwahoji walioko kwenye foleni, kisha tukae chini tutafsiri japo muhtasari wa bajeti ya mwaka mmoja na kuukabidhi kwa karani wa bunge la kaunti. Mwaka utakaofuata, fedha zikipatikana, twende Dodoma na muhtasari huo mkononi, tukaulize wenzetu istilahi zilizotushinda.