Dawa ya Shamba ni Sumu kwa Kibarua

Lugha yetu imetupotosha katika jambo moja. Kiowevu kinachoua viwavi twakiita "dawa", jina lile lile la tembe apewazo mgonjwa. Ndiyo maana kibarua hukikoroga kwa mkono mtupu, akadhani yu salama maadamu amejifunga kitambaa puani.

Naandika haya nikiwafikiria vibarua wa mashamba yaliyo kandokando ya Mto Tana, kutoka mji wa Garissa hadi Kotile na Masalani. Kilimo katika nchi kame ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, mavuno hayafai kununuliwa kwa afya ya maskini.

Ukweli ni kwamba sumu nyingi za wadudu hupenya kwenye ngozi. Pampu inapovuja, shati la kibarua hulowa mgongoni, naye huendelea kulivaa hadi jioni. Sumu za jamii ya oganofosfeti huvuruga mishipa ya fahamu: kichwa huuma, jasho na mate hutoka kwa wingi, mtu hutapika na misuli humtetemeka. Penye malaria, ni rahisi mgonjwa huyo kudhaniwa ana homa ya mbu. Basi aliyepulizia na akaugua aende zahanati mara moja, amweleze mhudumu alichoshika, na ikiwezekana aende na kibandiko cha chupa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kumpa mavazi ya kujikinga mfanyakazi anayeshika vitu vya kudhuru, awe wa kudumu au wa muda. Aidha, mnamo Juni 2025 Serikali ilitangaza kuondoa sokoni aina 77 za viuawadudu. Hatua hiyo ni njema, lakini zilizosalia nazo ni sumu, na tangazo la Nairobi halimvishi glavu kibarua wa Kotile.

Nina maombi matatu. Kwanza, mwenye shamba asimkabidhi mtu pampu bila glavu, buti za mpira na nguo ya mikono mirefu. Na kwa kuwa joto la huku halivumiliki, kazi hiyo ifanywe alfajiri. Pili, mwenye duka asiuze sumu iliyomiminwa katika chupa za soda zisizo na maandishi. Tatu, maafisa wa kilimo wa Kaunti ya Garissa wafike mashambani na kufundisha kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kwani kibandiko cha Kiingereza hakimsaidii asiyeweza kukisoma.

Pampu nazo zisioshwe mtoni. Maji ya Tana yanayonywesha shamba ndiyo hayo hayo yanayochotwa na kina mama na kunywewa na mifugo.

Jozi ya glavu ni gharama ndogo. Tusingoje hadi kibarua aanguke ndipo tuitafute, kwani majuto ni mjukuu.