Diski haijafa, ni Linux tu haijaiona

Laptopu yako ya mtumba haikubali Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Ukaamua kujaribu Linux. Inafunguka poa, lakini ukifika pa kuchagua diski, hakuna kitu. Fundi anasema diski imekufa, leta pesa ya nyingine.

Usitoe hata bob kwanza. Mashine nyingi za Intel huja diski ikiwa nyuma ya mpangilio wa RST, ambao kwenye BIOS huandikwa pia RAID. Windows ina draiva yake. Linux mara nyingi haioni chochote. Badilisha iwe AHCI, diski itajitokeza. Ila Windows iliyo ndani inaweza kugoma kuwaka, kwa hivyo hamisha picha na CV yako kabla hujagusa kitu. Flash si ghali hivyo, jameni.

Na usiilaumu Linux. Mwaka 2016 Lenovo iliuza toleo la Yoga 900 ambalo BIOS yake haikukupa AHCI hata ukitafuta. Watu wakapiga kelele, na mwaka huo huo BIOS mpya ikatoka. Kumbe iliwezekana!

Ukienda kununua Luthuli Avenue, beba flash yenye Linux, uwashe nayo laptopu kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ingia duka linalofuata.