Meneja Aliye Mbali, Swichi Iliyo Karibu

Kijana wa Kiwalani mwenye kompyuta na bando anaweza leo kuandika programu pamoja na wenzake walioko Oslo na Nairobi bila kupanda ndege zinazoruka jirani na kwao. Hili si jambo la kufikirika. Mfumo wa DHIS2, ambao nchi yetu huutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, ulichipuka Afrika Kusini katika miaka ya 1990, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na umechangiwa na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Timu ya namna hii huongozwaje? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Meneja aliye ng'ambo hamwoni mtu akiingia kazini wala akitoka. Anachokiona ni kazi iliyokabidhiwa, maandishi yanayoeleza kwa nini imefanywa hivyo, na ahadi iliyotimizwa kwa wakati. Saa 3 asubuhi ya San Francisco ni saa 1 au saa 2 usiku hapa kwetu. Mmoja huendeleza pale alipoishia mwenzake. Akitoweka mtu bila taarifa, kazi ya wengine nayo husimama.

Hapo ndipo suala la kiufundi linapogeuka kuwa la kisiasa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Meneja huielewa ajali. Hupanga upya tarehe. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Msiba wa siku zile ni mkubwa kuliko hoja yangu, nami siupimi kwa mizani ya ajira. Hata hivyo, ajira nayo ina neno lake. Mwajiri aliye ng'ambo hataiandikia serikali yetu barua ya malalamiko. Katika mkataba ujao atamchukua mtu wa nchi nyingine, na kijana wetu hataambiwa sababu.

Tangazo la TCRA la Oktoba 2023, lililowataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, lilitokana na fikra ileile. Kampuni nyingi huwataka wafanyakazi wapite humo ili kulinda siri za wateja. Kwa nini chombo cha kazi kitazamwe kwanza kama chombo cha uhalifu?

Wapo watakaosema usalama wa taifa hauna bei. Basi uamuzi wa kuzima upitie mahakamani, uwe na ukomo wa muda, na sababu zake zitangazwe hadharani.

Wanafunzi wajifunze kuandika kwa uwazi na kutunza ahadi. Hayo yamo mikononi mwao. Swichi haimo. Hatuwezi kumhimiza kijana ajiajiri mtandaoni huku tukijiachia haki ya kumzimia mtandao wakati wowote.