Mafuta sawa, yoga sawa. Na huo unga je?

Kazi ya gazeti inaua mgongo. Unashinda kwenye kiti kibovu mpaka kurasa ziende mitamboni, halafu unarudi nyumbani umesimama kwenye daladala, shingo imepinda. Mwaka jana mgongo wangu uligoma kabisa. Rafiki yangu mmoja, Mhindi wa Upanga niliyesoma naye chuo kikuu, akanipeleka kwa jirani yao anayefundisha yoga.

Nilicheka. Nilidhani hayo ni mambo ya watalii wa Zanzibar. Baada ya miezi miwili ya kujinyoosha na kupumua taratibu, naamka asubuhi bila kushika ukuta. Wala si uchawi. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilishauri kwamba mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu ajaribu kwanza njia kama yoga kabla ya vidonge. Masaji nayo waliitaja, kwa maumivu mapya. Hapo bibi yangu angecheka sana. Yeye kukanda mtu kwa mafuta ya nazi ya moto hakungoja kibali cha Mmarekani.

Kwa hiyo sina ugomvi na tiba ya Wahindi. Ayurveda ina vitabu vya kale kama Charaka Samhita, na huko India daktari wake husomea chuoni miaka mitano na nusu, mafunzo ya kazi yakiwemo. Kule Kerala, kituo cha Kottakkal kinatibu watu tangu mwaka 1902. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mtaalamu wao anakuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, choo kikoje, ndipo akuguse. Kwenye hospitali zetu ukipewa dakika tano, shukuru Mungu.

Sasa nakuja kwenye hoja yangu.

Shangazi yangu ana kisukari. Mtu mmoja alimuuzia kopo la unga, akamwambia ni Ayurveda, ni kitu cha asili, hakina kemikali, vidonge vya hospitali aviache. Akaviacha. Wiki ya tatu tulimbeba usiku, hajitambui. Amepona, namshukuru Mungu. Lile kopo nililigeuza pande zote, sikuona jina la mtengenezaji wala la kilichomo.

Tusidanganyane na neno "asili". Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au arseniki. Na si kila mara huwa ni uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Liko tawi la Ayurveda linaloitwa rasa shastra ambalo hutumia madini makusudi, yakichomwa na kusagwa kwa imani kwamba sumu inaondoka.

Maoni yangu ni haya: tunaita jina moja vitu vitatu. Mazoezi ukikosea, mara nyingi utaumwa misuli. Mafuta ukikosea, utachafua shuka. Unga ukikosea, unaingia kwenye damu na figo, na madhara yake huyaoni siku hiyo. Mtu anatulia kwa yoga, analainika kwa masaji, halafu kwa imani hiyo hiyo anameza chochote anachopewa.

Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na tunalo Baraza la kusajili watoa tiba na dawa zao. Kuuliza "umesajiliwa?" si utovu wa adabu.

Siku hizi kila Jumapili namkanda shangazi mabega kwa mafuta ya nazi. Anafurahi, analala vizuri. Vidonge vyake viko mezani, na anavimeza mbele yangu.

Je, wewe msomaji, kopo lililoko kabatini kwako limeandikwa nini?